Tupeane uzoefu: ulichaguaje kozi ya chuo ukiwa hujui unataka nini?

BintiMakambako: Kamwene wadau. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), kafaulu. Nikimuuliza anataka kusoma nini ananijibu "chochote dada". Dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na kwetu huingii chuo kwanza ukachagua baadaye, unaomba kozi kabisa. Nyie mlifanyaje?

Kabwe_Stendi: Udaktari. Usiulize mara mbili.

MwlMufindi: Udaktari miaka 5, halafu mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Mtu wa "chochote" atafika? Ajaze ualimu wa kemia na baiolojia, Mkwawa pale Iringa.

Kabwe_Stendi: Ualimu huo huo ambao watu wako mtaani na vyeti?

MwlMufindi: Mimi niko darasani, siko mtaani. Heshimu kazi za watu.

MtotoWaIgurusi: Dada umenitonesha. Mimi PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), baba aliuza mpunga nikapata hela ya maombi. Steshenari moja Mwanjelwa, foleni mpaka barazani. Kijana wa kompyuta hata hakuinua kichwa: "Kozi?" Nikamwambia sijui. Akajaza zote mwenyewe, akaweka na namba yake ya simu maana yangu ilikuwa imezima.

Majina yanatoka, nimechaguliwa vyuo viwili: ualimu kimoja, uhandisi wa ujenzi kingine. Hapo lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Simu ya nani? Ya yule kijana. Napiga, haipatikani. Naenda, pamefungwa, jirani anasema kafiwa, yuko kwao Ileje. Siku ya mwisho baba alidamka akapanda gari mpaka Itumba, akaulizia penye msiba, akamkuta matangani. Akampa pole, akakaa kwanza na wafiwa, ndipo akaomba ile namba. Baba alinisomea tarakimu mojamoja kwenye simu, nyuma nasikia watu wanalia. Nikathibitisha uhandisi. Hakuuliza ni kozi ya nini. Aliuliza tu, "Umeingia?"

Mama_Kihesa: Jamani huyo baba! Mungu amtunze.

Tukuyu_Parachichi: Hawa wa steshenari wanaharibu watoto wa watu.

Sokomatola: Mwenzako alikuwa na msiba. Mwache.

Tukuyu_Parachichi: Msiba sawa, kumchagulia mtu kozi je?

BintiMakambako: Jamani, na mdogo wangu?

MsituSaoHill: Muulize ni kazi gani ya nyumbani anaifanya bila kusukumwa. Mimi nilikuwa naotesha miche ya misonobari, nikaenda SUA, chuo kikuu cha kilimo, kusoma misitu. Wa kwetu walisema nimepotea.

Mama_Kihesa: Ampeleke wodini siku mbili akaone damu, na Uyole kwenye utafiti wa kilimo akaone mashamba. Atakaporudi anasimulia kwa furaha, hapo hapo.

Kabwe_Stendi: Akirudi kimya, arushe shilingi.

MtotoWaIgurusi: Maombi ajaze kwa simu yake na imeli yake. Nasisitiza.

MwlMufindi: Kapata nini na nini?

BintiMakambako: Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D.

MwlMufindi: Hiyo ni pointi 9. Vigezo vya udaktari anavyo, ila ushindani ni mkali, wenye A ni wengi. Asiweke udaktari peke yake. Aufungue mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) aangalie nafasi za kila kozi, na mkopo aombe mapema. Ualimu wa sayansi umo kwenye vipaumbele vya mkopo.

BintiMakambako: Asante mwalimu. Kumbe jana alikuwa ananiuliza habari za maabara. Ngoja nimwamshe.