Kijapani na brashi: nianze shodo sasa au nisubiri?

mwanzo_mgumu: Habari zenu wakuu. Nina miezi kumi na Kijapani. Hiragana na katakana, herufi za silabi, nasoma bila shida, ila kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, ninazozikariri asubuhi, jioni zimeshayeyuka. Natamani shodo, ile sanaa ya kuandika kwa brashi na wino, lakini mwenzangu ananiambia nipite kwanza mtihani wa Kijapani wa N4 (ngazi ya pili kutoka chini), sanaa ni mapambo tu. Mnanishauri nini?

wino_mweusi: Mkuu, anza leo. Nilikwama hapohapo mpaka niliposhika brashi. Mwalimu alinipa herufi moja, 永, "milele", mwezi mzima, maana ndani yake mna mistari yote minane ya msingi. Mkono ukajua wenyewe: huu unatua na kusimama (tome), huu unarushwa ncha (hane), huu unafagia na kuisha taratibu (harai). Zamani kanji kwangu ilikuwa kichaka. Sasa naona kila mstari ulikoanzia.

Siku moja naandika kanji 安 kwa mwandiko wa haraka, mara nikaona あ, ile "a" ya hiragana, inajitokeza palepale karatasini. Kumbe ndiko ilikotoka! Hiragana ni kanji zilizolainika mikononi mwa waandishi wa enzi ya Heian (karne ya 8 hadi 12). Niliikodolea macho karatasi ile mpaka wino ukakauka.

mwanzo_mgumu: Ahsante sana. Na kuongea je?

wino_mweusi: Hapo brashi haisaidii, nisikudanganye. Mimi kilichonifaa ni chai, yaani chado, ile sherehe ya chai ya Kijapani. Kabla ya kunywa unamwinamia mgeni anayekufuatia na kumwambia "Osaki ni", nakutangulia. Baadaye, nikiwa Osaka, nikamsikia mfanyakazi anayetoka kazini kabla ya wenzake akisema "Osaki ni shitsurei shimasu". Nikaelewa papo hapo, maana nilishalisema neno hilo huku nimepiga magoti, bakuli la moto likinisubiri.

tano_saba_tano: Mimi naongeza haiku, shairi fupi la Kijapani la mistari ya mapigo 5-7-5. Sisi tunaotamka "mtu" kwa mapigo mawili, m-tu, tuna bahati: ん (n) nayo ina pigo lake, "hon" (kitabu) ni ho-n. Hata kile kimya cha っ, alama ya konsonanti inayorudiwa, kinahesabiwa. "Kite" (njoo) ni mawili, "kitte" (stempu) ni matatu. Nilikuwa nayachanganya kila siku mpaka nilipoanza kuhesabu 5-7-5 kwa vidole, kwa sauti.

mwanzo_mgumu: Ki-t-te. Nimehesabu, kweli vidole vitatu! Brashi naitafuta kesho.