Kakamera ka kuvaa kifuani: kanatosha Menengai na ziwani ama nitafute kubwa?

MteremkoNax (Nakuru)

Wadau habari zenu. Binamu yangu ameniachia kakamera kale kapya ka kuvaa, saizi ya kidole gumba, unakaning'iniza shingoni kanashikwa na sumaku kupitia tishati, ameniambia nikajaribu mpaka mwisho wa mwezi na nikikapenda ananiuzia. Basi nimeshuka nako kreta ya Menengai kwa baiskeli, kutoka ukingoni mpaka kule chini kwenye mawe meusi, na kusema ukweli nimefurahi sana. Hausikii umevaa kitu, mikono yote iko kwa usukani, na video inaonyesha tairi la mbele likitafuta njia kwa vumbi, magoti, vidole kwa breki, vitu simu haijawahi kunipa hata siku moja.

Sasa shida. Kwa mawe kanapinda, njia inalala upande, na nikiinama kanarekodi paja langu tu. Nilipokavaa msitu wa Kakamega, chini ya ile miti mikubwa ya Isecheno, majani yote yameparuka, yaani yametoka ukungu ukungu, na kamera ni ile ile ambayo Menengai ilitoa picha safi kabisa. Upepo umemeza sauti. Betri nayo imeisha hata hatujaanza kupanda kurudi juu.

Tunapanga kwenda mbuga ya Hells Gate na baiskeli halafu Kisumu kupiga kasia Dunga, Ziwa Victoria. Nikachukue ama nitafute zile kubwa za kawaida? Naomba mtu ametumia, matangazo nimeshasoma ya kutosha.

Fundi_Njoro

Kaka, hiyo ya kupinda inatoka kwa kamba ya shingoni, kamera yenyewe haina makosa. Sumaku imetengenezewa mtu anatembea sokoni ama anacheza na watoto, kwa mteremko tishati lenyewe linaruka na kamera inaruka nalo. Tafuta mkanda wa kifuani ule wa kupita mabegani na mgongoni, uvae juu ya jezi, ukaze mpaka ukivuta pumzi usikie unakubana kidogo.

Halafu watu wengi wanaitega wakiwa wamesimama wima. Ukishika usukani mwili unalala mbele na kamera inaangalia chini, ndio maana unapata paja. Panda baiskeli kwanza, mwenzako akushikie, kaa vile unakaa ukishuka, halafu yeye aangalie kwa simu na aiinue mpaka usukani uwe pale chini ya picha na njia iwe katikati. Sisi hatutoki kabla kila mtu hajafanyiwa hivyo.

Ukitaka kofia ngumu, usiitoboe hata kidogo, utaiharibia kazi yake ya kukulinda. Bandika kile kibao cha gundi, ila safisha na spiriti kwanza maana lile vumbi jeupe la Menengai likibaki hapo gundi haishiki kitu, na uiache masaa 24 ndio utumie, GoPro wenyewe, wale watengeneza kamera, wanasema hivyo. Mimi napenda kifua lakini. Kofia inaonyesha njia vizuri ila mtu anayetazama hasikii mwendo vile anausikia akiona mikono ikipigana na usukani.

Isukuti_na_Pedali (Kakamega)

Mulembe ndugu. Huu msitu ndio nyumbani kwangu na hiyo picha ya majani kuparuka naijua vizuri, ni giza, wala kamera haijaharibika. Iko hivi: ndani kuna jairo inayopima mtikisiko, halafu programu inakata kingo za picha na kuisogeza upande wa pili wa ule mtikisiko, ndio video inatulia. Inatuliza picha moja na inayofuata. Lakini kama mwanga ni kidogo, kamera ikiachwa otomatiki inaacha shata (kile kinachoruhusu mwanga uingie) wazi muda mrefu ndio ipate kuona, na wewe hapo unaruka mizizi, kwa hivyo kila picha inaingia tayari imeparuka na hakuna programu ya kuirudisha. Menengai jua ni kali shata inafunga haraka, ndio ukaona tofauti.

Weka shata mwenyewe, jaribu 1/240 ya sekunde, na uruhusu ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga) ipande mpaka 1600 hata 3200. Utapata chengachenga kwenye vivuli. Chenga mtu anavumilia, kuparuka kunaumiza macho. Na njia za chini ya miti zipande kati ya saa nne na saa tisa mchana, jioni msitu unafunga mapema sana hata kama nje bado kuna jua.

Kitu kingine, mkirekodi usiku chini ya taa chagua 50Hz kwenye mipangilio, stima ya Kenya ni 50Hz, ukiacha 60 taa zinapepesa.

Omera_wa_Dunga

Omera karibu Kisumu, lakini soma hii kabla hujaleta hiyo kitu ziwani.

Angalia ni kipande gani hasa kinaruhusiwa majini. Chukua Insta360 GO 3S kwa mfano, nayo ni ndogo ya kuvaa, kamera yenyewe inastahimili mita 10, lakini kile kibebeo chake chenye skrini na betri kinavumilia matone tu, ukikizamisha umekiua. Kubwa ziko sawa hapo, GoPro HERO13 ni mita 10 bila kasha, DJI Osmo Action 5 Pro ni mita 20. Ila kwa kayaki kina sio tatizo lako. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja inaelea, na maji ya hapa ni ya tope, ukizamisha mkono huuoni. Sumaku usiiamini. Funga kamba kwa laifu jaketi, iwe fupi isije ikanasa kasia ama shingo yako.

Toka asubuhi, mchana upepo wa ziwa unaamka na mawimbi yanakuja. Gugumaji nalo linahama na upepo, unaweza kutoka njia iko wazi ukirudi imezibwa.

Sasa viboko, na hapa nisikilizeni wote. Lenzi ya hizi kamera ni pana sana, kiboko aliye mbali anaonekana nukta, na ndio mtu anaanza kusogea kidogo, kidogo tena, ati apate picha. USISOGEE. Enda na mvuvi wa hapa anayejua wanakaa wapi, na akisema turudi, rudini.

Ukitoka majini na zile kubwa, suuza kwa maji safi na ukaushe kabla ya kufungua mlango wa betri, chembe moja ya mchanga kwa ule mpira na safari inayofuata maji yako ndani.

MteremkoNax

Nashukuru sana wakubwa. Mkanda nimeazima kwa mtu wa klabu yetu, nimezunguka nao Milimani na imetulia kabisa, hata mimi siamini. Hiyo ya viboko nimewasomea wenzangu wote. Imebaki betri na nafasi ya kuhifadhi, na upepo.

Dada_Spoku (Kisumu)

Kaka betri za hizi ndogo ni ndogo, hakuna ujanja. Hiyo GO 3S iliyotajwa, kampuni yenyewe inaandika dakika 38 peke yake na 140 ikiwa ndani ya kibebeo, na hizo ni za maabara, kwa 4K (video ya ubora wa juu) na jua letu tegemea pungufu. Kwa hivyo acha kurekodi safari nzima. Washa ukifika pale mteremko unaanza, zima chini, irudishe kwa kibebeo ipate chaji mkipumzika. Nani atatazama saa nzima ya kupanda kilima?

Nafasi: 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa. Nyingi za hizi ndogo hazina pa kuweka kadi, GB ulizonunua nazo ndio hizo hizo milele. Kubwa zinakubali kadi na betri unabadilisha njiani, hapo zimeshinda wazi, na kwa siku nzima ziwani mimi ningeazima kubwa. Kwa baiskeli chukua hako kadogo, maana kamera isiyokusumbua ndio utaivaa kila wikendi.

Upepo, weka kipande cha sponji kwa mashimo ya maikrofoni.

Mkaazi_wa_Naivasha

Naongeza moja ya Hells Gate. Baiskeli mtafurahia barabarani pale karibu na Fischer's Tower, lakini mkishuka kwenye korongo kwa miguu ingieni na mwongoza watalii, na mvua ikianza hata kama iko mbali tokeni mara moja, msingoje kumaliza video. Mwaka 2019 maji yalijaa ghafla mle ndani na watu wakafa.

Dada_Spoku (Kisumu)

Kweli kabisa hiyo. Na MteremkoNax, kabla hujamlipa binamu: chaji ijae, irekodi 4K mpaka ijizime uandike dakika, halafu angalia lenzi kwa tochi kama ina mikwaruzo, na uhakikishe ameitoa kwa akaunti yake ndio uiunganishe na simu yako. Dakika zikiwa chache sana mwambie ashushe bei.