Tiketi ya simu iliyokamilika tramu ikiwa imeondoka: ni halali au siyo?

Msafiri wa Alfajiri: Naishi Ujerumani mwaka wa tatu sasa. Jana nilipanda tramu huku programu ya tiketi inazunguka tu, mtandao mbovu. Malipo yakapita tukiwa tumeshaondoka. Kituo kilichofuata wakaingia wakaguzi, nikaandikiwa euro 60. Pesa imekatwa na tiketi ina jina langu. Mtu aliyelipa anaitwaje mkwepaji wa nauli?

Reli Moja: Kaka, masharti yako wazi: tiketi ya simu iwe imekamilika kabla hujapanda. Wakiruhusu kununua njiani, watu watakaa kidole kwenye kitufe, wakimwona mkaguzi ndipo wabonyeze. Halafu hiyo euro 60 si faini, ni nauli iliyoongezwa. Faini anatoza hakimu. Ungesubiri tramu inayofuata. Na kwa kweli, asiyeimudu simu asisafiri peke yake.

Dada Subira: Mengine nimeyasoma nikapita, ila hilo la mwisho limenichoma. Mama yangu ana miaka 71, macho yake yana ukungu. Alipanda treni kabla mimi sijazaliwa na hajawahi kudaiwa nauli hata siku moja. Leo unamwambia akae ndani?

Reli Moja: Sikumtaja mama yako. Nilimjibu aliyepanda na malipo hayajapita. Usinitilie maneno mdomoni. Mashine za tiketi za karatasi zipo vituoni.

Dada Subira: Zipo kwa ajili ya tiketi gani? BahnCard ya plastiki, ile kadi ya punguzo la nauli ya treni, ilifutwa Juni 2024, sasa iko kwenye simu. Mama alikuwa anaitoa kwenye pochi, basi. Siku hizi ananipigia mimi kwanza kabla hajatoka.

Kifungu cha Pili: Siyo simu tu. Asiye na simu janja anaweza kuchapisha hati mbadala kutoka kwenye akaunti yake.

Dada Subira: Akaunti iko mtandaoni, ndugu yangu. Asiye na mtandao anaambiwa aingie mtandaoni!

Mkaguzi wa Zamani: Nimefanya kazi hiyo miaka sita, naomba nisikilizwe. Tukiskani msimbo tunaona saa ya kununua. Tramu imeondoka saa 12:04, tiketi ni ya 12:05, mimi nifanye nini? Nikimwachia mmoja, wa nyuma yake anauliza kwa nini yeye siyo. Picha ya skrini pia tuliikataa, maana picha moja inaweza kutumwa kwa watu kumi. Na betri ikizima ni juu ya abiria. Mwenye tiketi ya mwezi yenye jina lake huwa anapewa siku chache aipeleke ofisini, analipa ada ndogo, mara nyingi euro 7.

Haki Kwanza: Wakaguzi mnalipwa kwa kichwa, ndiyo maana hamna huruma.

Mkaguzi wa Zamani: Mimi nililipwa kwa saa. Nimetemewa mate usoni mara mbili kwa mshahara huo. Kama una ushahidi wa mimi kulipwa kwa kichwa ulete, kama huna ufute maneno yako.

Haki Kwanza: Nimekosea kukuhukumu wewe, lakini kampuni siziamini. Uingereza, Agosti 2024, hakimu mkuu alifuta hukumu za nauli zipatazo 74,000. Kampuni za treni zilizipitisha kwa hakimu mmoja, hakuna mtu kufika mahakamani, na sheria haikuruhusu njia hiyo kwa makosa hayo. Watu 74,000! Wangapi walilipa kwa woga tu?

Reli Moja: Hiyo ni Uingereza na ni mambo ya mahakama. Hapa tunazungumzia tiketi.

Dada Subira: Hapa tunazungumzia ulichosema kuhusu wasioimudu simu.

Msafiri wa Alfajiri: Jamani, mimi nimeandika barua ya kupinga, nimeambatanisha muamala wenye sekunde zake: nilibonyeza kununua dakika mbili kabla ya kupanda, mtambo wao ndio uliochelewa. Hilo ndilo nataka walijibu. Mkaguzi hana kosa, alisoma alichokiona. Na Dada Subira, Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, baadhi ya kampuni huitoa kwa kadi ya chipu. Haina betri wala skrini. Muulizie mama dirishani kwao.

Dada Subira: Ya chipu, unaishika mkononi?

Msafiri wa Alfajiri: Kama ile ya plastiki. Anamwonyesha mkaguzi, inaskaniwa, imekwisha. Ila asisahau, wanakata pesa kila mwezi mpaka aisitishe mwenyewe, na kuna tarehe ya mwisho ya kusitisha ndani ya mwezi.

Dada Subira: Jumatatu nampeleka. Asante sana, kaka. Reli Moja bado hajaniomba radhi.

Reli Moja: Mama yako anisamehe. Sharti la kununua kabla ya kupanda silirudishi nyuma.