Tupeane uzoefu: hesabu ya asilimia imekusaidia wapi kwenye maisha ya kila siku?

MwekaHazina (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi natunza hesabu za kikoba cha akina mama huku Mbagala. Juzi tulikuwa na kikao cha kupitia masharti ya mikopo, na hoja moja ikala karibu muda wote: tukisema "riba asilimia 10 kwa mwezi", tunamaanisha asilimia 10 ya kitu gani?

Nikafungua daftari tukapiga hesabu pamoja. Mama anakopa 300,000 kwa miezi mitatu, kila mwezi anarejesha 100,000 ya mkopo pamoja na riba. Riba ikipigwa kwenye mkopo wa mwanzo hadi mwisho, analipa 30,000 mara tatu, jumla 90,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, mwezi wa kwanza analipa 30,000, wa pili 20,000, wa tatu 10,000, jumla 60,000. Mdomoni zote zinaitwa asilimia 10 kwa mwezi, lakini mfukoni kuna tofauti ya 30,000. Kwa anayekaanga vitumbua, hizo ni unga, mafuta na mkaa. Tukakubaliana katiba yetu iandikwe wazi: "asilimia 10 ya deni lililobaki". Kuna mama alikuwa anaogopa kukopa miaka yote kwa sababu haelewi atakatwa nini. Baada ya kuona ile hesabu ameomba mkopo wake wa kwanza, na nimefurahi sana.

Karibuni mtoe uzoefu wenu. Tafadhali wekeni tarakimu ili hata aliyekimbia hesabu shuleni aweze kufuata.

DukaLaMapazia

Ahsante kwa uzi, dada. Mimi niko Kariakoo, nauza mashuka na mapazia. Shuka nalichukua kwa 20,000, naongeza asilimia 25, nauza 25,000. Mteja akija na "nipunguzie asilimia 20 tu", anaamini nabaki na asilimia 5 yangu. Sibaki na kitu. Asilimia 20 ya 25,000 ni 5,000, ndiyo faida yote. Ile 25 ilihesabiwa kwenye bei ya kununulia, hii 20 inahesabiwa kwenye bei ya kuuzia. Vijana wangu wa dukani nimewafundisha hili kabla hata ya kuwafundisha kukunja bidhaa, maana anayepanga punguzo lazima ajue mahali pa kusimama.

Mishahara_Dom

Kazini kwetu kuna dhana inayowaumiza watu. Wanaamini mshahara ukivuka 520,000 unakatwa kodi ya asilimia 20 wote, kwa hiyo wengine wanaona bora wasipandishwe. Sivyo ilivyo. Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haikatwi. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, ambayo inafanya 20,000. Asilimia 20 inagusa kile tu kilichozidi 520,000, hadi 760,000.

Chukua mtu wa sekta binafsi mwenye 800,000. Kwanza anakatwa mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, yaani 80,000. Kodi inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki: 20,000, jumlisha asilimia 20 ya 200,000 iliyozidi, ambayo ni 40,000. Jumla 60,000. Ukiigawa kwa 720,000 unaona kwamba kwa ujumla anakatwa asilimia 8 na kidogo. Ukipandishwa mshahara, pokea. Kodi ya nyongeza haiwezi kumeza nyongeza yote.

Muuguzi_Wilayani

Kwetu hospitali asilimia ni usalama wa mgonjwa. Dawa ya klorini ya maji inakuja na asilimia yake kwenye chupa, mara nyingi 3.5. Ya kutakasa vifaa tunataka 0.5. Kanuni tunayotumia: asilimia ya kwenye chupa gawanya kwa unayoitaka, toa 1, unapata sehemu za maji. 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe sita vya maji. Ikija chupa ya asilimia 5, maji yanakuwa vikombe tisa. Kwa hiyo mwanafunzi akija wodini kwangu namwambia asome lebo kwanza, asikariri "kimoja kwa sita". Na hicho kikombe cha kupimia kiwe kilekile kwa dawa na kwa maji.

Mtanga

Assalaam aleikum. Zaka ya mali ni asilimia 2.5. Wazee wetu hawakusumbuka na asilimia, waligawa kwa 40 basi. Fedha iliyofika nisabu (kiwango cha chini kinachotolewa zaka) na kutimiza mwaka, tuseme 6,000,000: gawa kwa 40, unatoa 150,000. Ukipenda, gawa kwa 10 kisha kwa 4, unaweza kufanya kichwani ukiwa njiani.

MwlHesabu

Niongeze moja ambayo wanafunzi wangu wanaipenda: asilimia inageuzika. Asilimia 4 ya 75 inatisha kichwani, lakini ni sawa na asilimia 75 ya 4, robo tatu ya nne, jibu 3. Asilimia 18 ya 50 ni nusu ya 18, yaani 9.

Pwani_MSA

Salamu kutoka Mombasa. Nina swali. Risiti yangu ni shilingi 5,800, VAT imo ndani, na huku kwetu ni asilimia 16. Kuna mtu ameniambia nizidishe 5,800 kwa asilimia 16 nipate kodi. Je, ni sawa?

MwekaHazina

Hapana ndugu yangu, hapo utapata 928, na siyo yenyewe. VAT ilipigwa kwenye bei kabla ya kodi, wewe umeshika bei pamoja na kodi. Gawanya 5,800 kwa 1.16, unapata 5,000. Kodi ni 800. Sisi Bara kwa asilimia 18 tunagawanya kwa 1.18, kwa hiyo risiti ya 118,000 ina kodi ya 18,000. Mwenye mfano wa shambani au wa mnadani bado hajafika, namsubiri.