Ndoo za lita 20 kwa nyanya na hoho: mfumo upi hautuamishi maji?

Ghorofa ya Pili
Wakuu, naombeni ulinganisho wa mifumo ya kulima bila udongo kabla sijatoboa kitu. Eneo ni roshani ya mita 4 kwa 1.2, Dar, jua linapiga asubuhi hadi kama saa nane mchana. Ndoo ni nane, zile nyeupe za lita 20 za mafuta ya kupikia, na vifuniko vyake. Mazao: nyanya ndefu miche minne, hoho miche minne. Umeme upo ila unakatika. Maji ni ya kisima, kipimo kinasoma EC (wingi wa chumvi zilizoyeyuka) 0.9.

Nachagua kati ya hizi:
1. Kratky, ndoo ya myeyusho (maji yenye mbolea) bila pampu
2. Ndoo ya myeyusho yenye pampu ya hewa
3. Ndoo za Kiholanzi, matone juu na bomba la kutolea maji chini
4. Ndoo mbili zilizounganishwa kwa mpira, moja inapandishwa na kushushwa kwa mkono

Sitaki mizizi ikae kwenye maji yaliyotuama. Ushauri niliopewa ni kutoboa matundu mengi kwenye kitako, kumwaga kokoto chini, halafu kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) juu. Ni sawa?

Fundi Bomba
Namba 3, na sababu kubwa ni joto. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanabaki na 7.5 hivi. Wakati huohuo mizizi yenye joto inahitaji oksijeni zaidi, na ugonjwa wa kuozesha mizizi unapenda hali hiyohiyo. Ndoo ya myeyusho kwenye jua la Dar inapita 30 bila shida. Kwa hiyo namba 2 umeme ukikatika saa sita mchana, jioni unakuta mizizi imeanza kuwa ya kahawia na kuteleza.

Namba 1 kwa nyanya ndefu ni kujitafutia kazi. Mmea mkubwa unakunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, ndoo inakauka kwa wiki moja hivi. Kosa la wengi ni kuijaza tena hadi juu. Ile mizizi iliyoota kwenye nafasi ya hewa imeshazoea hewa. Ukiizamisha, majani yananyauka huku ndoo imejaa maji. Ukilazimika kuongeza, jaza theluthi tu ya chini. Kwa saladi na mchicha, lakini, hakuna rahisi kuliko Kratky.

Namba 4 inakauka vizuri sana, maana maji yakishuka yanavuta hewa mpya kwenye mizizi. Ila ndoo nane mara tatu kwa siku ni kunyanyua mara 24. Hiyo ni gym, si bustani.

Mwalimu wa Udongo
Nakubaliana na namba 3. Ila hilo suala la kokoto chini lisipite hivihivi, maana linarudiwa kila mahali na ni kosa.

Chukua sifongo la kuoshea vyombo, lilowanishe kabisa, lilaze bapa kwenye kiganja. Litadondosha kisha litaacha. Sasa lisimamishe kwa upande wake mrefu: linadondosha tena. Maji hayajaongezeka, kilichobadilika ni kimo. Sehemu ya chini ya sifongo hubaki imejaa maji kwa sababu vitundu vidogo vinayashika kwa nguvu kuliko uzito wake unavyoyavuta. Kokopiti ndani ya ndoo iko hivyohivyo. Kuna tabaka la chini ambalo litabaki limejaa hata ukitoboa matundu mia.

Ukiweka kokoto chini, maji hayarukii kwenye kokoto. Yanasimama pale kokopiti inapoishia, na lile tabaka lililojaa linapanda juu kwa kimo cha kokoto ulizomwaga. Umepunguza nafasi ya mizizi na hujakausha chochote.

Dawa ni kutumia kitu kimoja chenye punje kubwa kuanzia chini hadi juu. Ukitaka kuchanganya, changanya ndoo nzima, usipange tabaka.

Mkulima wa Naivasha
Huku tunatumia pumisi, yale mawe mepesi ya volkano, na kwa nyanya sijaona kitu cha kuishinda. Chekecha upate punje za milimita 4 hadi 10. Ile vumbi inayobaki ndiyo huziba kila kitu, kwa hivyo osha mpaka maji yatoke safi. Kule kwenu pumisi hutoka upande wa Mbeya, na kokoto nyekundu za volkano za Arusha zinafanya kazi hiyohiyo, ila ni nzito kidogo. Ukikosa zote, changanya kokopiti sehemu moja na maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi sehemu moja. Yasiwe jivu.

Fundi Bomba
Mkuu, kwa Dar ongeza onyo hili: usichukue kokoto za Kunduchi. Zile ni mawe ya matumbawe, chokaa tupu. pH (kipimo cha uchachu) ya myeyusho inapanda juu ya 7 na kila ukiishusha inarudi, halafu majani machanga yanakuwa manjano kwa kukosa chuma. Kipimo ni siki: mimina juu ya kokoto kavu, ikitoa povu achana nayo. Za Lugoba ni jiwe gumu, hazina tatizo hilo, ila kwa roshani uzito wake si mchezo. Ndoo moja ya kokoto inafika kilo 30. Ya pumisi mbichi haifiki 20.

Sasa ujenzi. Kwa kila ndoo:

Toboa tundu moja tu, ubavuni, si kwenye kitako. Kitovu chake kiwe sentimita 4 kutoka chini. Tumia tenki konekta (kiungo cha bomba kinachokazwa kwenye ukuta wa ndoo) ya robo tatu inchi, tundu la milimita 27. Usitoboe kwa msumari wa moto, tundu linakuwa la yai na washa (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) haikai. Ukingo wa chini wa mdomo utaangukia karibu sentimita 3 kutoka kitako, na hapo ndipo maji yatakapobaki.

Kwa ndani funga kona ya bomba (elbo) inayotazama chini, uikate meno mawili matatu kwenye ukingo ili isijibane na kitako. Hiyo inavuta maji ya chini kabisa, yaliyokaa muda mrefu, badala ya yale ya juu. Izungushie kipande cha wavu wa plastiki wa matundu ya milimita 2 au 3. Chandarua usitumie, kinaziba ndani ya wiki mbili.

Kwa nje, kona nyingine itazame chini na iingie kwenye bomba kuu la PVC la inchi moja na nusu, kupitia tundu lililotobolewa juu ya bomba, pana kidogo kuliko kona hiyo. Usiigundishe. Nafasi ile ndiyo inayopitisha hewa, na siku mizizi ikiingia kwenye bomba utaweza kuinua ndoo na kuisafisha. Mteremko wa bomba kuu uwe sentimita 2 kwa kila mita, na upande wa juu ufungwe kwa kifuniko cha kuzungusha.

Watu huuliza kwa nini bomba nene hivyo wakati maji ni kidogo. Ni kwa ajili ya mizizi ya nyanya. Inafuata maji kama mwizi anavyofuata mlango wazi.

Ghorofa ya Pili
Sentimita 3 za maji si ndiyo kutuama kwenyewe ninakokwepa?

Mwalimu wa Udongo
Hapana. Kitako cha ndoo hizo ni kama sentimita 26 kwa upana, kwa hiyo sentimita 3 ni lita 1.6 ndoo ikiwa tupu. Punje zikichukua karibu nusu ya nafasi, zinabaki kama lita 0.8. Juu yake kuna zaidi ya sentimita 25 za pumisi yenye hewa. Mizizi michache itashuka kunywa, mingine itabaki juu ikipumua. Hiyo lita 0.8 ndiyo akiba yako TANESCO wakikata saa saba mchana: saa chache, si siku nzima. Kwenye kokopiti tupu ningeshusha mdomo hadi sentimita 1, kwa sababu yenyewe tayari inashika maji.

Bint Tanga
Kama utachanganya kokopiti, usiiamini kwa kuitazama. Makumbi mengi ya pwani yanaloweshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kupigwa. Tofali la kilo 5 likivimba linatoa kama lita 65. Lioshe mpaka maji yanayotoka yasome karibu sawa na yale unayomimina. Kisha loweka usiku kucha kwenye maji yenye gramu 100 za kalsiamu naitreti, uchuje na kusuuza mara moja. Usipofanya hivyo, makumbi yenyewe yanashika kalsiamu uliyoweka kwa ajili ya mmea, na nyanya za kwanza zinaoza kitako. Mtu anadhani ni ugonjwa, ananunua dawa.

Ghorofa ya Pili
Asante dada. Na maji yanayotoka, niyarudishe kwenye tanki la lita 100 au niyamwage?

Mkulima wa Naivasha
Rudisha. Mbolea ni ghali, na kumwaga ni hasara.

Fundi Bomba
Kwa maji ya Naivasha labda, kwa EC 0.9 ya kisima cha Dar hapana. Piga hesabu. Mimea nane mikubwa inakunywa kama lita 24 kwa siku. Unaongeza lita 24 za maji ya kisima kila siku, na chumvi yake ya kawaida mmea hauitaki, inabaki tankini. Siku kumi, tanki la lita 100 limepokea chumvi ya lita 240 za ziada. Kipimo kitasoma EC nzuri, kumbe nusu yake si chakula. Halafu kuna mnyauko wa bakteria: mche mmoja ukiugua, pampu inawagawia wenzake wote.

Mwaga, lakini mwaga kidogo. Kila ndoo weka vitoneshi viwili vya lita 2 kwa saa, ili kimoja kikiziba kingine kiendelee. Taima ya kuzungusha, hatua yake moja ni dakika 15, sawa na lita 1 kwa ndoo. Mara nne kwa siku ni lita 4, mmea unachukua 3, moja inatoka. Lita nane zinazokusanywa jioni mwagilia matembele au mchicha wa kwenye udongo. Miche ikiwa midogo, mara moja au mbili zinatosha.

Mkulima wa Naivasha
Hapo kwa chumvi umenishinda. Akipata maji ya mvua, achanganye nusu kwa nusu, halafu arudishe bila wasiwasi mkubwa. Abadilishe tanki lote kila wiki mbili.

Bint Tanga
Mbolea kwa lita 100, ukipata ile ya 4-18-38 (naitrojeni, fosforasi, potasi) yenye madini madogo: gramu 60, koroga hadi iishe, kisha magnesiamu salfeti gramu 30, mwisho kalsiamu naitreti gramu 60 iliyoyeyushwa kwenye chombo chake. Ukichanganya zote zikiwa nzito kwenye kopo moja utaona maziwa, na hayo maziwa ni kalsiamu yako imegeuka mchanga. pH iwe 5.8 hadi 6.3.

Ndoo nyeupe zinapitisha mwanga: paka rangi nyeusi kwanza, halafu nyeupe juu yake. Nyeusi peke yake itachemsha mizizi. Na tanki lifunikwe, mbu wa dengi hawachagui maji.

Ghorofa ya Pili
Orodha yangu sasa: tenki konekta 8, kona 16, bomba la inchi moja na nusu mita 4, vifuniko vya bomba 2, vitoneshi 16, pampu ya kuzamisha, taima, pumisi lita 150, silikoni kopo 2.

Fundi Bomba
Silikoni ondoa. Haishiki kwenye plastiki ya ndoo hizo, inabanduka kama ngozi ya maziwa. Ubavu wa ndoo umepinda, kwa hiyo washa iliyokuja na konekta itavuja upande mmoja. Kata washa mbili pana kwenye tyubu kuukuu ya gari, moja ndani moja nje, na ukaze kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Kifuniko cha bomba ni kimoja. Mwisho wa chini unabaki wazi juu ya ndoo ya kukusanyia. Kabla ya kuweka pumisi, ziba mdomo wa nje wa kila ndoo kwa gunzi, jaza maji hadi juu ya konekta, na uiache usiku kucha imesimama juu ya gazeti uone kama inavuja.