Tupeane uzoefu: barabara tulivu za milimani kwa baiskeli, wapi na saa ngapi?

Mpanda Vilima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Barabara kuu zimenishinda. Kipande cha Segera hadi Mombo kwa baiskeli ni kujitafutia kifo: basi likikupita linakusukuma pembeni kwa upepo, na kabla hujatulia roli la pili limeshafika. Siku hizi napanda milimani tu, kwenye lami nyembamba ambako gari likija unalisikia kona tatu kabla.

Tupeane njia. Sharti ni moja: uwe umepita mwenyewe kwa baiskeli, si kwa Noah. Sema lami ikoje, maji yako wapi, na zaidi ya yote taja saa na siku, kwa sababu barabara ileile inaweza kuwa ya amani asubuhi na ya kutisha jioni.

Naanza na ya kwetu Tanga, milima ya Usambara: Mombo kwenda Lushoto. Ni kama kilomita 33, na unapanda karibu mita 1,000. Ukigawanya unapata wastani wa asilimia 3, mtu anasema kumbe rahisi. Subiri. Sehemu kubwa ya kupanda iko kabla ya Soni, na Mombo ni joto la mkonge hasa. Mimi natoka kabla jua halijachomoza, nikiwa na chupa mbili, na moja huwa imekwisha nikifika Soni. Pale napumzika, chai na viazi, naangalia maporomoko, halafu kutoka Soni hadi Lushoto miguu inakuwa imeshapata joto. Baridi inaanza kukupokea polepole. Huko chini ulikuwa unalowa jasho, huku juu unatafuta sweta.

Nikiwa na nguvu naunganisha hadi Magamba, msituni. Ukungu, miti mikubwa, magari ya kuhesabu. Kwangu mimi hicho ndicho kipande bora kuliko vyote. Wengine wanasifia Irente kwa sababu ya kuona uwanda wa Mazinde kule chini, sawa, picha nzuri, lakini Irente ni kwenda na kurudi njia ileile.

Msambaa Halisi

Mkuu umesema kweli ila umeacha la msingi. Huku kwetu magari yanafuata mboga. Kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, vyote vinashuka kwenda Dar, na wenye mafuso wanataka wawe sokoni usiku. Kwa hiyo mchana wanapakia, alasiri na jioni wanashuka. Ukiwa unapanda kutoka Mombo saa kumi jioni utakutana nao wote, tena wamejaza mpaka gunia zinaning'inia nje ya bodi. Asubuhi barabara ni yako.

Halafu ulizia siku ya gulio. Kila kijiji kikubwa kina siku yake: Soni wana yao, Lukozi wana yao. Siku ya gulio barabara inajaa akina mama wenye mizigo kichwani, mbuzi, pikipiki zenye magunia mapana kuliko barabara. Si hatari sana, ila usitegemee kukimbia. Mimi napenda siku hizo, unanunua matunda kwa bei ya shambani, lakini uzi ni wa utulivu, nimenyamaza.

Kwenda Mtae kupitia Lukozi usitegemee lami njia nzima. Tairi nyembamba acha nyumbani. Mtae kijiji kiko ukingoni kabisa mwa milima, chini yako ni uwanda wa Mkomazi. Lala huko huko, usijidanganye kurudi Lushoto siku hiyohiyo.

Dada wa Keria

Mpanda Vilima, hiyo ya "unalisikia kona tatu kabla" nakukatalia. Gari utalisikia. Bodaboda hutaisikia. Wakiwa wanashuka wanazima injini kuokoa mafuta, wanateleza kimya, wawili nyuma na ndoo katikati. Unapanda taratibu, kichwa chini, unasikia tu upepo, kumbe huyo amekata kona upande wako. Mimi kwenye kila kona isiyoonekana napiga kengele, kengele ya kawaida ya baiskeli za Phoenix, si ile ya plastiki. Barabara ikiwa kimya sana ndipo naongeza umakini.

La pili, kwa akina dada wanaopanda peke yao kama mimi: kanga kwenye begi. Ukikaribia nyumba kuomba maji unajifunga, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Sijawahi kunyimwa maji milimani. Swali tunaloulizwa ni lilelile kila kijiji: "Mwanangu, kwani nauli huna?"

Nauli Ninayo

Mimi waliniuliza kama nimetumwa na serikali kupima barabara. Nikasema ndiyo. Nikaonyeshwa mashimo yote.

Mwana wa Kerio

Hamjambo wenzangu, niko Kenya. Njia yangu ni Iten kwenda Kabarnet. Iten iko karibu mita 2,400, watu huijua kwa wakimbiaji, lakini ukitoka mjini kuelekea Tambach barabara inaanguka ukutani mwa Bonde la Kerio, kona baada ya kona, lami safi. Unashuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika mtoni. Uanze mapema, kwa sababu chini ni moto. Umetoka Iten na jaketi na glavu, ukifika daraja la Chebloch unatamani kuvua hadi soksi. Pale korongo ni jembamba na maji yako mbali chini. Mamba wapo, na vijana wa pale huruka majini hivyohivyo. Wewe usiruke. Nunua embe kama ni msimu, au asali.

Kisha kuna uamuzi. Mbele ni kupanda tena milima ya Tugen hadi Kabarnet, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ni ule ukuta ulioshuka. Katikati hakuna njia ya mkato. Wengi wetu hurudi na matatu, baiskeli juu ya keria, na makanga atakutoza kama abiria wa pili. Hakuna aibu.

Fundi Raba

Nimesoma wote mnasifia miteremko, hakuna aliyetaja breki. Mimi ni fundi, nawaona mkirudi.

Kwa wenye breki za raba: ukibana mfululizo mteremko mzima, rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, tyubu inapasuka. Si hadithi. Ukifika chini usiguse rimu kwa kidole, itakubabua. Bana kwa nguvu kabla ya kona, punguza mwendo, achia, ingia kona umeachia. Tumia ya mbele na ya nyuma, sogeza makalio nyuma ya kiti. Raba zina mistari. Mistari ikifutika badilisha, usisubiri chuma kiguse rimu. Barabara ikiwa imelowa, raba zinachukua muda kushika, kwa hiyo anza kubana mapema. Wenye breki za diski msicheke: pedi zikipata moto sana nazo zinalegea, utasikia kilio kwanza.

Na hawa wenyeji wanaoshuka na Phoenix zimebeba magunia mawili ya viazi, breki za fito zimeshakufa zamani, angalieni mguu. Ndala inakanyagwa kwenye tairi la nyuma, chini ya keria, ndiyo breki. Soli inaliwa mpaka inabaki kama karatasi. Msiige, lakini mpisheni, maana hawezi kusimama hata akitaka.

Mbeya Baridi

Nyanda za Juu mmetusahau. Barabara ya Uyole hadi Tunduma usiweke baiskeli, ni maroli ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Lakini geuka kaskazini, Mbeya kwenda Chunya. Mji wenyewe uko karibu mita 1,700 na unaanza kupanda ukiwa bado hujamaliza kusalimia watu. Lami, kona nyingi, misitu, na kituo cha kuangalia bonde ambacho watu wanakiita Mwisho wa Dunia. Ukivuka kileleni unashuka upande wa Chunya, nchi inabadilika inakuwa kavu. Magari ni ya migodini na ya tumbaku, siyo mengi asubuhi. Juni na Julai vaa glavu, vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki. Fundi Raba amenielewa.

Ukitaka adhabu nenda Chimala, upande Matamba. Kona 57, na watu wanaiita hivyo hivyo, Hamsini na Saba. Nilipopita mimi ilikuwa ya changarawe, tairi pana. Juu kabisa ni hifadhi ya Kitulo, wanaiita Bustani ya Mungu, na kipindi cha mvua, tuseme Desemba hadi Machi, maua yametanda. Ubaya wake, mvua hiyohiyo ndiyo inayoharibu njia. Mimi kona nyingine nilisukuma. Nilizihesabu zile za kusukuma, siwaambii.

Kando ya Kivu

Jambo ndugu zangu. Nimeishi Gisenyi, Rwanda. Barabara ya kwenda Karongi ni ya lami, inaacha Ziwa Kivu, inapita mashamba ya chai ya Pfunda, inapanda, inashuka, inapanda. Hakuna tambarare. Ziwa liko karibu mita 1,460 na halikukimbii, kila kilele unaliona tena. Tangu mashindano ya dunia ya barabara yafanyike Kigali Septemba 2025 watoto wa vijijini wanakusindikiza mbio wakipiga kelele kama uko kwenye mashindano. Utulivu hapo ni wa magari tu, siyo wa watu. Kumbukeni Rwanda tunapita kulia. Mtanzania akichoka anarudi kushoto bila kujua, hasa akitoka kwenye duka la soda.

Mpanda Vilima

Asanteni. Mbeya Baridi, baiskeli uliifikishaje huko?

Mbeya Baridi

Basi, mkuu. Toa tairi la mbele, geuza usukani, funga cheni na gazeti ili isichafue mizigo ya watu. Bei elewana kabla haijaingia kwenye buti. Ikishaingia, wewe ndiye mwenye shida.

Nauli Ninayo

Soni kwenda Bumbuli nani amepita? Naambiwa kuna chai na magari hakuna.

Msambaa Halisi

Chai ipo, magari machache kweli. Nilivyoijua mimi ni vumbi, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unajaza nafasi yote kati ya tairi na fremu, unabeba baiskeli begani. Masika yaishe kwanza. Ukiwa tayari sema, nina binamu pale ana chumba, na pampu.