Naomba ushauri: kubana faili la Access kupitia draiva ya ODBC

Habari wakuu. Niko Masasi, nimeandika programu ya kupokelea korosho kwenye chama cha msingi. Kilo za kila mkulima zinaingia kwenye faili la .mdb (hifadhidata ya Microsoft Access). Kuliunda hakunisumbui: naita SQLConfigDataSource (fanksheni ya ODBC, kiunganishi cha programu na hifadhidata), naweka neno CREATE_DB na mahali faili litakapokaa, basi.

Shida ni COMPACT_DB, neno la kulibana faili lipungue ukubwa. Msimu ukichanganya faili linavimba, maana rekodi zilizofutwa haziachii nafasi, na ukomo wake ni GB 2. Nikijaribu kulibana narudishiwa sifuri, yaani imeshindikana. Karani wa pili huwa amelifungua kwenye mashine yake, nahisi ndiyo sababu. Nimtoeje kwanza bila kuharibu anachoandika? Hayo ni malipo ya wakulima, sitaki kupoteza hata gunia moja.